Hata IST inatajwa bei, mshahara kwanini hautajwi?

Ndugu Mhariri,

Kwema? Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na nakuomba usinikate sana maana hili jambo limenikaa kooni toka mwaka jana. Nianze na gazeti lako lenyewe, usinune. Jumamosi nilinunua nakala nikaenda moja kwa moja kwenye matangazo madogo madogo, ndo ugonjwa wangu siku hizi. Pale kuna gari aina ya IST inauzwa, bei ipo. Kiwanja Kigamboni, bei ipo. Vyumba viwili na sebule Kinyerezi, bei ipo na wamekwambia kabisa kodi ni ya miezi 6. Kuna mtu anauza mbuzi wa maziwa na watoto wake wawili, bei ipo. Ukishuka chini, ukurasa huo huo, anatafutwa mhasibu, awe na digrii, uzoefu wa miaka 3, mchapakazi, awe tayari kusafiri muda wowote, mshahara "mzuri na wa kuvutia". Afu mstari wa mwisho wameandika mwombaji aeleze mshahara anaotarajia.

Yani mbuzi ana bei, mhasibu hana.

Najua kuna mtu atasema dada, kwenye ajira muuzaji ni wewe, kwahiyo taja bei yako tu. Sawa, nakubali. Lakini mwenye mbuzi akimpeleka mnadani Pugu anakaa pale toka asubuhi anasikia, huyu kaenda kwa ngapi, yule wa madoa kaenda kwa ngapi, mpaka anafikiwa yeye ameshajua soko la leo likoje. Mi soko langu ni chumba kimefungwa mlango, ndani kuna watu watatu wanajua wametenga shilingi ngapi na mimi peke yangu sijui, afu wananiuliza mimi. Wahenga wa mtaani walishasema kuhusu kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hapa kwenye gunia niko mimi mwenyewe.

Nijieleze kidogo. Nina miaka 33, watoto wawili, nilikuwa afisa data kwenye mradi wa afya kanda ya ziwa, mshahara wa mwisho milioni 1.8 kabla ya makato. Misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025 mradi wetu ulikuwa humo humo, tukaambiwa simamisheni kazi, tukarudisha laptopu na chaja zake tukasaini kitabu. Nikarudi Dar kwa dada yangu, afu baadae nikapanga Chanika. Sasa shida sikuwa peke yangu. Kuanzia mwezi wa 2 mtaani walijaa watu wenye CV kama ya kwangu, maafisa data, washauri nasaha, wahasibu wa miradi, madereva, wote tunagonga milango ile ile. Vyuma vilikaza kweli. NSSF nikachukua lile fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6, likasukuma kodi na ada, nashukuru, lakini miezi 6 ni michache kuliko inavyosikika.

Ugumu wa soko wala sio siri. Mwaka huo huo wa 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596 wakaomba watu 135,027, gawanya mwenyewe, ni kama watu 84 kwa kiti kimoja na bado kuna chenji. Na sio jambo la jana, wenye kumbukumbu wanakumbuka 2014 Uwanja wa Taifa, zaidi ya watu 10,000 wamekaa majukwaani kama wanasubiri mechi kumbe ni usaili wa Uhamiaji, nafasi 70.

Lakini angalia kitu kimoja hapo. Kazi za serikali zile za Sekretarieti ya Ajira, tangazo linakwambia kabisa ngazi ya mshahara ni TGS kadhaa, mtu anajua kabla hajaskani cheti. Hakuna anayekuuliza mategemeo yako. Na watu wanaomba kama nzige. Kwahiyo hawa wa sekta binafsi wanaosema wakitaja mshahara waombaji watakimbia sijui wanaongelea nchi gani.

Turudi kwangu. Kazi ya kwanza niliyoomba ilikuwa kwa fomu ya mtandaoni, kuna kiboksi cha mshahara unaotarajia na hakikubali maneno, kinataka namba tu. Nikaweka 1,800,000 maana ndo nilikuwa nalipwa. Nikatuma saa 5 usiku. Saa 5 na robo imeili imeingia, asante kwa kuomba, kwa bahati mbaya. Binadamu gani anasoma CV saa 5 usiku? Ni kompyuta imeangalia namba ikanipiga chini. Kazi ya pili nikaweka sifuri, fomu ikatoa maandishi mekundu, haitaki. Nikaweka 1. Ikapita! Baada ya siku tatu kaka mmoja akanipigia, dada naona umekosea hapa umeandika shilingi moja, nikamwambia sijakosea kaka angu, nimeacha nafasi ya maongezi. Akacheka sana, akasema kwenye listi yake nimetokea namba moja kwa bei rahisi ndo maana akaona anipigie ajue mimi ni mtu gani. Kazi sikupata lakini angalau tulicheka wote wawili.

Mjomba akanishauri, alikuja nyumbani Jumapili akasikia malalamiko yangu, akasema wewe mwambie bosi chochote utakachonipa nashukuru, mchagua jembe si mkulima. Nampenda mjomba ila alifanya kazi shirika la umma miaka 30 na zaidi, kila mshahara aliopata aliusoma kwenye waraka, hilo swali hajaulizwa hata siku moja. Na ushauri huo ndo tunaopeana wote, kanisani, msikitini, kwenye vikoba, usijifanye unajua, kazi ni kazi. Kwa mtu mwenye njaa unaonekana wa busara. Tatizo ukisema chochote, utapewa hicho hicho chochote.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Mwezi wa 9 nikaitwa usaili Mikocheni. Safari hii nikasema sitaenda kichwa kichwa, mi mtu wa data, hesabu ndo kazi yangu. Usiku nikakaa na daftari la mtoto nikaandika kodi, nauli, ada, chakula, dada wa kazi, umeme, kidogo cha mama kijijini. Nikapata nahitaji kama 750,000 mkononi, chini ya hapo nafanya kazi ili nipate nauli ya kwenda kazini. Ili niipate hiyo mkononi nitaje ngapi? Nikaanza na milioni 1.2. NSSF asilimia 10 inatoka 120,000. Inabaki 1,080,000 ndo inakatwa kodi, PAYE yake 152,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara, deni langu la chuo halijaisha, inatoka 180,000. Mkononi inabaki 748,000. Safi kabisa, milioni 1.2 grosi. Nikaizungushia duara.

Niliondoka Chanika saa 10 na nusu alfajiri, magari mawili, nikashuka Makumbusho nikabadilisha kandambili nikavaa viatu vya usaili, saa 2 kasoro niko pale getini. Tulikaa kwenye benchi watu wanne. Nikaitwa saa 7 mchana. Paneli ilikuwa ya watu watatu, mama mmoja na vijana wawili, wakanipa faili la Ekseli nilisafishe mbele yao, nikalisafisha vizuri, yule mama akasema hongera mwanangu. Nikajua nimepita. Ndo yule kijana wa kulia akauliza, mwisho kabisa dada, mategemeo yako ya mshahara?

Nikasema milioni moja na laki mbili.

Akaweka kalamu mezani taratibu, haniangalii, anaangalia ile kalamu. Akasema, dada, hapo nje kwenye benchi kuna watu sita wapo tayari kuifanya hii kazi kwa laki nne.

Mhariri, lile benchi nililikalia masaa matano. Tulikuwa wanne na mmoja alikuwa dereva ameleta bosi wake. Nilijua kabisa anadanganya, na bado niliogopa. Nikafikiria ule mwezi wa 8 nilipomuomba mwenye nyumba asubiri, nikafikiria mtoto anavyorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mdomo wenyewe ukasema laki nane naweza kuanza nayo. Sekunde nne hazikufika, laki nne zimeenda. Na kichwani, sijui shetani gani, hiyo laki nane nikailinganisha na ile 750,000 ya kwenye daftari nikajiona nimepona, bado nina elfu hamsini juu! Nikasahau ile ya daftari ilikuwa ya mkononi na hii niliyotamka sikusema ni ya wapi. Yeye akaandika. Yule mama alivua miwani akaifuta, akavaa, hakusema neno.

Barua ya ofa ikaja, mshahara 800,000 kwa mwezi, nikasaini nikiwa nimesimama. Mwisho wa mwezi meseji ya benki ikaingia niko kwenye daladala maeneo ya Gongo la Mboto, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo na mlango, nikaisoma mara tatu. 540,000. Slipu nilivyoipata hakuna aliyeniibia, NSSF 80,000, PAYE 60,000, Bodi ya Mikopo 120,000, kila kitu kiko kisheria. Laki nane niliitaja mimi kwa mdomo wangu. Maneno machache tu sikuyasema, kabla au baada ya makato, na yameshanigharimu zaidi ya laki mbili kila mwezi unaoingia.

Ningeishia hapo ningekuwa nalalamikia uzembe wangu tu na gazeti lisingekuwa na haja ya kunichapa. Mwezi wa 11 kaka wa meza ya jirani, tunafanya kazi ile ile, tuliingia wiki moja, akaniomba nimskanie fomu za mkopo wa Saccos maana mashine inanitii mimi. Fomu, kitambulisho, salari slipu. Sikuwa napekua, karatasi inapita mbele ya macho yako utafanyaje. Milioni 1.35. Akaniuliza afu dada na wewe si unaweza kunidhamini, nikacheka mpaka akashangaa, nikamwambia mi bado niko kwenye majaribio kaka.

Baadae nikamuuliza kiutani, hivi wewe lile swali la mshahara ulijibuje. Hana hiyana, akaniambia mi sikutaja, niliwauliza mmetenga ngapi, maana kuna jamaa alishanitonya ni kati ya 1.2 na 1.5. Kwahiyo ilikuwepo! Ilikuwa imeandikwa mahali kabla sijafika Makumbusho kubadilisha viatu. Milioni 1.2 yangu niliyoambiwa ni kubwa ndo ilikuwa ngazi ya chini kabisa ya bajeti yao. Yule kijana na kalamu yake alikuwa anaijua.

Simchukii yule kaka, angefanya nini, na ni mtu mzuri. Alikuwa na koneksheni mi sina, tofauti yetu sio digrii wala Ekseli, ni kuambiwa. Ndo maana nasema ukificha mshahara kwenye tangazo unawapa faida wenye mtu ndani, na sisi wa kutembea na bahasha tunabaki kujipunguza wenyewe. Na nimegundua sisi wanawake tunajipunguza haraka zaidi, labda niseme mimi, nisiwasingizie wengine.

Nina rafiki ana duka la vifaa vya ujenzi Tabata, ana vijana tisa. Nilimuuliza kwanini hutaji mshahara kwenye matangazo, akaanza mara washindani wataniibia watu, mara inategemea na uzoefu, mwisho akasema ukweli, shoga nikiandika hiyo namba hawa waliopo watanuna. Nikamwambia basi shida yako sio tangazo. Akabadilisha mada akanipa soda.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi ukishaajiriwa, na ujira wako uwemo. Vizuri, ila hapo ni ukishaingia ndani, ukiwa nje unapiga hodi unabaki unabahatisha. Ulaya huko wameshachoka na huu mchezo, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo 2023, mwombaji aambiwe kiwango cha mshahara mapema, iwe kwenye tangazo au kabla ya usaili, na mwajiri amekatazwa kumuuliza kule ulikotoka ulikuwa unalipwa ngapi. Nchi wanachama walipewa mpaka Juni 7, 2026 wawe wameuingiza kwenye sheria zao. Huku kwetu ukiitwa usaili unaambiwa njoo na slipu na benki stetimenti ya miezi 3. Rafiki yangu mmoja alisema alikuwa analipwa milioni 2.5 akidhani anajipandisha, wakadai stetimenti, ofa ikaishia hapo. Kwahiyo wenzangu mnaotafuta, uongo wa mshahara wa nyuma achaneni nao, ukiulizwa sema nilikuwa nalipwa kulingana na majukumu ya kule, ya hapa naona ni tofauti, naomba kufahamu bajeti ya nafasi hii ikoje. Iseme kwa adabu, usicheke cheke. Wakikataa rudia mara moja tu. Wakikomaa ndo utaje, na neno la kwanza kutoka mdomoni liwe "kabla ya makato", namba ije nyuma yake. Akiweka kalamu mezani mwache aiweke, hesabu mpaka kumi, kimya hakijawahi kuua mtu. Kama kweli huna pa kwenda na ni lazima upokee kidogo, pokea, mi sikulaumu hata kidogo, ila omba waandike kwenye barua kwamba mshahara utaangaliwa upya baada ya majaribio, na uliza bima ya afya inafika kwa watoto au inaishia kwako. Mi sikuuliza hata kimoja.

Na tuambiane basi jamani. Kwenye grupu letu la WhatsApp la waliokuwa mradini tuko watu zaidi ya 60, tunatumiana picha za harusi, michango ya misiba, vipimo vya sukari vya wazazi, lakini mtu akipata kazi ukimuuliza wanalipa ngapi anakutumia kiemoji cha mikono. Wiki iliyopita nikaamua kuanza mimi, nikaandika namba zangu zote pale, 800,000, makato yote, 540,000. Kimya kama nusu saa. Afu zikaanza kuja, inboksi moja moja, hakuna aliyethubutu kuandika kwenye grupu lakini mpaka usiku nilikuwa na namba kumi na moja. Ile nafasi yangu hakuna anayeifanya kwa laki nne.

Sasa ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Fomu yenu ya kupokea matangazo ya kazi iongezeni mstari mmoja, mshahara kuanzia kiasi gani mpaka kiasi gani, kabla ya makato. Asiyetaka kujaza msimfukuze, hela yake pokeeni maana najua karatasi ni ghali, ila chini ya tangazo lake mwandike kwa herufi ndogo kwamba mwajiri hakutaka kutaja mshahara. Mwenye mbuzi hamkumuomba mara mbili.

Jina langu mnalo kwenye bahasha lakini chonde lisitoke, majaribio yangu yanaisha Machi na nimeshaandika kwenye daftari lile lile la mtoto nitaingia kusema nini. Mstari wa kwanza ni ile 1.35.

Jina kapuni,
Chanika, Dar es Salaam